Shokapu za nyuma kwenye pikipiki kuukuu: tuliyojifunza kati ya Mikindani na Newala

Msimu wa korosho ukikaribia, ombi linalosikika zaidi gereji ni moja: "Fundi, nikazie shokapu." Pikipiki inagonga, inayumba kwenye kona, tairi linakwangua madigadi, na mwenye chombo keshaamua ugonjwa kabla hajashusha stendi. Baada ya kufungua Boxer na TVS nyingi, pamoja na zile Honda na Yamaha za zamani ambazo bado zinazunguka vijijini, tumebaki na msimamo huu: shokapu iwe ya mwisho kulaumiwa, na kuikaza ndiyo tiba inayokosea mara nyingi kuliko zote.

Anza na upepo. Tairi la nyuma lenye psi 18 linayumba vilevile kama shokapu iliyokufa, na kwenye mchanga wa Msimbati madereva wengi hupunguza upepo kisha wakasahau kuujaza wakirudi lami. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinataka psi 28 hivi ukiwa peke yako na 32 au zaidi kidogo ukibeba. Namba kamili iko kwenye kibandiko cha cheni kava au kwenye kitabu.

Cheni ndiyo inayodanganya watu zaidi. Swingamu, yaani ile mikono miwili inayoshika tairi la nyuma, inapanda na kushuka kwa kuzunguka bolti yake, na bolti hiyo haiko sehemu moja na sproketi ndogo. Kwa hiyo umbali kati ya sproketi mbili unabadilika kila tairi linapopanda. Cheni inakaza kuliko wakati wote pale sproketi ndogo, bolti ya swingamu na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja, hali ambayo hutokea ukiwa umepakia. Fundi anaweka pikipiki kwenye stendi ya kati, tairi linaning'inia, anakaza cheni mpaka inalia kama gitaa. Mzigo ukipanda, cheni haina pa kwenda. Inashika swingamu, dereva anasema shokapu ni ngumu, na baada ya muda oili inaanza kuvuja nyuma ya sproketi ndogo kwa sababu beringi ya giaboksi imevutwa. Acha mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati ya cheni ya chini, kisha mkalishe mtu mzito kwenye siti na mwingine kwenye keria, upime tena. Mchezo ukipotea kabisa, legeza. Zungusha tairi pia, maana cheni iliyochakaa haichakai sawasawa. Pima pale inapokaza zaidi.

Sasa swingamu yenyewe. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, shika tairi kwa nyuma, mkono mmoja juu na mwingine kwenye chasisi, uvute kulia na kushoto. Ukisikia mchezo, usikimbilie kutaja kitu. Mwambie mwenzako aweke kidole kwenye unganiko la swingamu na chasisi wakati wewe unatikisa. Kidole kikihisi mwendo hapo, bushi za swingamu zimekwisha. Kisipohisi, mchezo uko kwenye beringi za rimu. Ukitaka uhakika kamili, toa tairi, fungua shokapu zote mbili upande wa chini, halafu ushike ncha za swingamu na kuzisukuma pembeni. Hapo hakuna cha kujificha. Iachie pia idondoke polepole kwa uzito wake. Ikikwama njiani, bushi ni kavu au bolti imepata kutu.

Ukanda huu wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, bolti ya swingamu hukwama kwa chumvi kiasi kwamba wengine huikata kwa grainda. Kabla ya kufika huko, mwagia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili na uache usiku kucha. Asubuhi, legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya bolti, ndipo ugonge juu ya nati kwa kipande cha shaba au mbao ngumu. Ukigonga nyuzi moja kwa moja zitachanua kama uyoga na bolti haitapita kwenye tundu. Zungusha kichwa cha bolti kwa spana kila baada ya kugonga mara chache. Bolti ikizunguka, itatoka.

Bushi ziko za aina mbili na zinafungwa tofauti. Za shaba au plastiki ngumu zinatelezea juu ya bomba la chuma, hivyo zinataka grisi nyingi na vifuniko vizima vya kuzuia vumbi. Za raba, ambazo ziko kwenye pikipiki nyingi za bei ya chini, hazitelezi kabisa. Bomba la ndani linabanwa na nati, na raba inajipinda. Usizipake grisi, grisi inaila raba. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: nati ya mwisho ya bolti ya swingamu yenye bushi za raba ikazwe pikipiki ikiwa imesimama kwa matairi yake, dereva akiwa juu. Ukiikaza swingamu ikiwa inaning'inia, raba itakuwa imepinda muda wote wa safari, na itachanika mapema ukadhani umeuziwa bushi feki.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo shokapu iangaliwe. Ndani ya kitu kinachoitwa shokapu kuna vitu viwili vyenye kazi tofauti. Springi inabeba uzito. Mafuta yanayopita kwenye matundu ya pistoni yanatuliza springi isirushe. Kikifa kimoja, kukitibu kingine hakusaidii, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kelele zinasaidia kutofautisha. "Kogo" ndogo kwenye kila kibonde, hata cha kina kidogo, ni bushi za masikio ya shokapu, yaani ncha zake zinazopokea bolti, au nati iliyolegea. "Dang" moja nzito kwenye tuta au korongo ni shokapu kufika mwisho. Ile raba ya kupokea pigo imekwisha kumomonyoka, au springi imechoka. "Kwii kwii" ya mfululizo ni springi inayosugua kava au bushi kavu. Pikipiki isiyopiga kelele yoyote lakini inaendelea kudunda mara mbili au tatu baada ya rasta, hiyo imekufa mafuta. Jaribu ukiwa umesimama: gandamiza siti kwa nguvu uachie. Inapaswa kurudi juu na kutulia.

Njia tunayoiamini kuliko zote haihitaji hata spana. Endesha kilomita kadhaa kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, simama, kisha gusa miili ya shokapu zote mbili kwa kiganja. Kazi ya mafuta ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, kwa hiyo shokapu inayofanya kazi lazima iwe na moto. Ya baridi ndiyo iliyokufa, hata kama haivuji tone. Tahadhari ni upande wa ekzosi, ambao unapashwa na bomba hata shokapu ikiwa mfu. Ukiona upande wa ekzosi una moto na wa pili ni baridi kabisa, usihukumu bado. Zifungue.

Shokapu ikiwa mkononi na springi imetolewa, isimamishe wima kama inavyokaa kwenye pikipiki na usukume rodi, kile chuma kinachoingia ndani ya shokapu, taratibu hadi chini, kisha uvute. Kwenye pikipiki nyingi kuvuta ni kuzito kuliko kusukuma, na ndivyo inavyotakiwa. Kinachotafutwa ni lile pengo ambapo rodi inakwenda bila kushikwa na chochote halafu ghafla inashikwa. Pengo likiondoka baada ya kupampu mara sita au saba, ilikuwa hewa tu. Shokapu mpya iliyolala dukani huwa hivyo pia, kwa hiyo ipampu wima kabla ya kuifunga. Pengo lisipoondoka, mafuta yamepungua. Kutoa springi kunahitaji kifaa cha kuikandamiza au watu wawili na jiliwa imara, na uso wa mtu usikae juu ya sikio la shokapu. Springi ya pikipiki ikiponyoka inavunja taya.

Tuje kwenye kukaza. Ile pete yenye ngazi tatu hadi tano chini ya springi haibadilishi ugumu wa springi. Inainua nyuma ya pikipiki milimita chache, basi. Kilo 80 zikipanda, pikipiki itashuka kiasi kilekile, isipokuwa imeanzia juu zaidi. Kwa abiria mmoja hiyo inatosha, na pete ziwe ngazi ileile pande zote mbili, la sivyo swingamu inapinda na pikipiki inavuta upande. Kwa gunia la korosho au madumu sita ya maji ya kupandisha Newala, ambayo ni kilo 120, pete haiwezi.

Ili kujua, pima. Pikipiki kwenye stendi ya kati, tairi hewani, chukua futi kamba kutoka katikati ya ekseli kwenda wima hadi alama ya chaki kwenye chasisi chini ya siti. Tuseme ni milimita 430. Ishushe, dereva akae na miguu kwenye pedeli huku mtu ameishikilia, upime tena. Ikisoma 400, imeshuka 30. Kama mwendo wote wa tairi ni milimita 90, theluthi moja kwa dereva peke yake ni sawa kabisa. Sasa pakia mzigo wa kawaida wa kazi. Ikishuka 60 au 65, bado kuna nafasi ya kupokea mashimo. Ikishuka 80, hakuna pete itakayookoa. Hapo springi ngumu zaidi ndiyo jibu, au mzigo mdogo.

Kabla ya kununua springi, angalia mzigo umekaa wapi. Keria ndefu inayotoka nyuma ya ekseli inalilemea tairi la nyuma kuliko uzito wa gunia lenyewe. Pikipiki yenye milimita 1,250 kati ya ekseli mbili, ikibeba gunia la kilo 80 lililokaa milimita 200 nyuma ya ekseli, inaweka karibu kilo 93 kwenye tairi la nyuma na kuondoa karibu 13 kwenye la mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na dereva anasema shokapu zinayumba. Kusogeza gunia mbele mpaka likae juu ya ekseli hakugharimu kitu.

Ugumu wa springi unapimika kwa mfuko wa saruji. Simamisha springi juu ya ubao, pitisha bomba katikati isianguke, weka juu yake ubao wenye tundu la kupitisha bomba hilo, pima urefu, kisha weka mfuko wa kilo 50 uliogawanywa sawasawa pande mbili. Ikishuka kutoka 250 hadi 222, kilo 50 zimeila milimita 28, yaani karibu kilo 1.8 kwa kila milimita. Fanya hivyo kwa zote mbili. Zikitofautiana waziwazi, zote zibadilishwe kwa pamoja.

Ukinunua, chukua venia kalipa upime unene wa waya, kwa sababu hapo ndipo ugumu ulipo. Mizunguko na upana vikibaki vilevile, waya wa milimita 7 ukipanda hadi 7.5 unaongeza ugumu kwa karibu asilimia 32. Ukipanda hadi 8 unaongeza karibu asilimia 71, na hiyo ni nyingi mno kwa anayebeba abiria mmoja kutwa. Kukata mzunguko mmoja kunaifanya springi iwe ngumu kidogo lakini fupi. Inalegea kwenye kiti chake tairi likining'inia, na ncha iliyokatwa inachimba pete. Kuipasha moto ili ikae chini ni kuiua. Chuma kinapoteza ukali wake na springi inaendelea kushuka kila wiki. Wengine huweka vipande vya bomba kama nyongeza chini ya springi. Inawezekana, ila jumlisha kwanza nafasi kati ya mizunguko. Nafasi tisa za milimita 9 ni 81. Mwendo wa rodi ukiwa 75 na ukaongeza kipande cha 10, zimebaki 71, na mizunguko itagongana kabla rodi haijafika mwisho. Pigo lote linakwenda kwenye chasisi.

Na chasisi ndipo mahali pa kutazama kwa jicho kali kwa wale wanaofunga shokapu nne badala ya mbili. Ukiongeza jozi nyingine kama ya kwanza, ugumu unakuwa mara mbili. Siku ya mzigo inaonekana ushindi. Siku isiyo na mzigo tairi linaruka, breki ya nyuma inashika hewa, na masikio yaliyochomelewa yanaanza kupasuka. Safisha rangi na matope pale juu shokapu inapoingia na pale keria inaposhika. Mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi ni ufa. Kabla ya kuuchomelea, toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa ili usiendelee, na uchomoe waya za betri.

Shokapu za kubadilisha zikiwa za pikipiki nyingine, vipimo vya lazima ni urefu kutoka katikati ya jicho la juu, yaani tundu la bolti kwenye sikio, hadi la chini, kipenyo cha bolti, upana wa jicho, na kama upande wa chini ni jicho au uma. Ukiongeza milimita 20 za urefu, pua ya pikipiki inainama karibu nyuzi 1. Inageuka haraka zaidi, lakini kwenye mchanga mzito usukani unakuwa na wasiwasi, stendi ya kati haifiki vizuri, na cheni inaweza kuanza kula raba ya swingamu. Zifunge kwanza bila springi, nyanyua tairi kwa mikono hadi mwisho, uone kama linagusa madigadi, kama springi itagusa cheni kava, kama waya wa taa unabanwa. Zenye chupa ya gesi ya naitrojeni zisitobolewe wala kuchomelewa, zina shinikizo. Na zile za kawaida zisizo na gesi zisifungwe kichwa chini, zitavuta hewa.

Kujaza upya shokapu iliyofungwa kiwandani ni kazi inayofanywa sana mitaani, na tunaipendekeza pale tu rodi ni nzima. Kosa la kwanza ni kutumia oili ya injini namba 40, ambayo ni nzito asubuhi na inatoa povu mchana. ATF, yale mafuta mekundu ya giaboksi za otomatiki, au mafuta ya foki 10W yanafanya kazi vizuri zaidi. Kosa la pili ni kujaza mpaka juu. Rodi inapoingia ndani inachukua nafasi. Rodi ya milimita 10 ikiingia 80 inasukuma mililita 6.3, na ya milimita 12 inasukuma 9. Usipoacha hewa zaidi ya hiyo, mafuta hayana pa kwenda na sili inang'oka siku ya kwanza. Pima yaliyotoka kwenye ile nzima, rudisha kiasi hichohicho kwa zote mbili.

Rodi nzima maana yake nini? Pitisha ukucha kutoka juu hadi chini. Ukikwama hata mara moja, usijaze, kwa kuwa kishimo hicho kitaikata sili mpya kama kilivyoikata ya zamani. Pikipiki za wachuuzi wa samaki zinaonyesha hili wazi. Tenga linafungwa keria, maji ya chumvi yanachuruzika kona ileile kila siku, na shokapu ya upande huo inakuwa na vidoa vyeusi kwenye kromu, halafu vishimo, halafu mafuta. Ya upande wa pili bado inang'aa. Karatasi nene ya nailoni chini ya tenga, yenye mkunjo wa kupeleka maji nyuma ya tairi, na ndoo ya maji baridi jioni ileile, vinazuia sehemu kubwa ya uharibifu. Usipake grisi kwenye rodi, inashika mchanga. Kipande cha tyubu kuukuu kinaweza kuifunika, ila kiachwe wazi chini maji yatoke.

Zile za shokapu moja katikati, kama Yamaha DT, zina mafunzo yake, na kwa kuwa springi moja inabeba kila kitu na mwendo wa tairi ni mkubwa kuliko wa rodi, hesabu za juu hazihamishiki moja kwa moja. Zenye vijiti vya kuunganisha chini, kama Honda za Pro-Link, zinakufa kwenye beringi za hivyo vijiti kabla ya shokapu. Zitolewe na kupakwa grisi kabla ya mvua za masika.

Wakati wa kufunga, nati za shokapu za bolti ya milimita 10 zisizidi Nm 40, kipimo cha nguvu ya kukaza. Jino, yaani bolti iliyochomelewa kwenye chasisi, likikatika, kulirudisha ni kazi ya siku nzima. Washa ziwe za ukubwa wa kuziba jicho lote ili bushi isichomoke. Piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati kwenda kwenye washa, na baada ya kilomita 100 hivi angalia kama mistari imeachana. Iliyoachana kaza, na kama ni mara ya pili, badilisha nati. Cheni nayo irudiwe siku hiyohiyo, mzigo ukiwa juu.